Nakala ya Jumapili na Mapacha wa Pili

Nyumba yake ina funguo tatu za mlango mmoja. Mmoja anao mkobani, wa pili uko kwa jirani, na wa tatu umefichwa mahali ambapo mumewe haambiwi, kwa sababu mumewe ndiye aliyepoteza zile mbili zilizotangulia. Orodha ya sokoni huiandika mara mbili. Ujumbe wa simu wenye maana huunakili kwenye daftari. Mumewe, ambaye ni dereva wa lori na mtu wa utani, husema kwamba siku ya harusi mke wake alimwomba padri arudie kiapo ili abaki na cha akiba.

Kazini jina lake halisi liko kwenye karatasi za mshahara tu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mganga Mkuu, wote humwita Mama Nakala.

Kliniki ya mama na mtoto ilimwajiri miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa mpiga chapa. Enzi hizo alikuwa akiweka karatasi ya kaboni hata pale ambapo hakuna aliyemwomba nakala. Kompyuta tano za kwanza zilipoletwa, zilikaa koridoni miezi miwili ndani ya maboksi yake. Kila mtu aliyapita akiyatazama kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja yeye akachukua mkasi, akafungua boksi la kwanza, na kuanzia siku hiyo kompyuta zikawa zake. Alisoma kozi ya jioni mwaka mzima. Leo ana chumba cha mita mbili kwa tatu, kati ya stoo ya mafagio na chumba cha majokofu ya chanjo, na chini ya meza yake seva inanguruma kama mtu mwenye mafua.

Ndani ya seva hiyo mna kanzidata ya watoto wote waliozaliwa au kuletwa pale kwa miaka kumi na minne: tarehe, uzito, jina la mama, namba ya simu, na kila sindano waliyochomwa. Kila Jumapili mchana kanzidata hujinakili yenyewe. Kila Jumatatu Mama Nakala hufungua daftari na kuandika ukubwa wa nakala hiyo kwa kalamu ya wino. Hakuna aliyewahi kulisoma daftari hilo, naye halalamiki.

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, alisikia kicheko kikubwa kutoka dirisha la masjala, upande wa pili wa koridoni. Alitoka kutazama.

Mbele ya dirisha alisimama mama mmoja mwenye watoto wawili wa miezi tisa, mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Ndani ya dirisha alikuwa karani wa kike, macho kwenye skrini.

"Mama, huyu wa mbele ninamwona," alikuwa akisema karani. "Wa mgongoni hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Kwenye kompyuta. Kwa hesabu za hapa, hajazaliwa."

"Hajazaliwa! Basi huyu anayening'oa nywele ni nani?"

Foleni nzima ilicheka tena. Yule wa mgongoni, kana kwamba kaelewa, akavuta nywele kwa nguvu zaidi.

"Kadi yake iko wapi?" aliuliza nesi wa chanjo, aliyekuwa amekuja kuona kinachochelewesha foleni.

Mama alitoa mfukoni kitu kilichokuwa kadi. Nusu yake haikuwepo na nusu iliyobaki ilikuwa imelainika kama uji. "Kaka yake kaitafuna. Niligeuka kidogo tu kuanika nguo."

Nesi aliigeuza mara mbili, akatikisa kichwa. Kanuni ilikuwa wazi: mtoto asiye na kumbukumbu wala kadi inayosomeka anahesabiwa kuwa hajachanjwa. Huanza upya, tangu sindano za wiki ya sita.

Hapo kicheko kilimwisha yule mama. "Dada, sikiliza. Huyu mtoto kachomwa kila mlipomwita. Kila mara. Homa nimekesha nazo mimi. Leo mniambie aanze upya kwa sababu mashine imemsahau? Hachomwi mtu hapa."

"Mama, mimi si mashine, mimi nafuata—" alianza nesi.

"Rudi Ijumaa," alisema Mama Nakala kutoka koridoni. "Siku ya chanjo ya miezi tisa. Njoo na wote wawili. Tutakuwa tumempata."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Aliporudi chumbani kwake ndipo alipogundua kwamba amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe, tena bila kujua anachotafuta.

Aliazima daftari la kujifungua kutoka wodi ya wazazi. Alichagua jozi tano za mapacha, za miaka mbalimbali, akazitafuta kwenye kanzidata. Katika kila jozi alimpata mtoto mmoja. Akajaribu jozi nyingine tano. Mmoja, mmoja, mmoja, mmoja, mmoja.

Mkuu wa masjala alikuwa kwenye meza yake. Ni mzee wa miaka hamsini na minane, shati limepigwa pasi hadi mikono inaweza kukata mkate, penseli nne zimelala sambamba mbele yake. Wanamwita Bwana Usafi, na jina hilo hulipokea kama cheo. Enzi za majalada ya karatasi alikuwa na sheria moja: mtu mmoja, faili moja. Ndiye pekee masjala aliyepewa ruhusa ya kufuta kitu kwenye kanzidata, kwa kuwa ndiye aliyeaminika kutofuta ovyo.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu, keti."

"Wiki hii umegusa kanzidata?"

Uso wake ulichanua. "Umeona, eh? Nilijua utaona. Jumatatu asubuhi nimefanya usafi. Nimeondoa marudio mia nne na kumi na moja! Mama akipoteza kadi anaandikishwa upya, mtoto mmoja anakuwa wawili. Nimeiambia mashine inionyeshe wenye tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, simu moja. Nikabakisha wa kwanza, wengine nikafuta."

"Na majina ya watoto?"

"Majina yapi? Siku ya kuzaliwa wanaandikwa 'Mtoto wa fulani'. Nusu yao hawarudi kubadilisha."

"Uzito je? Ulikuwa uleule?"

"Hapana, mwingine kilo mbili na nusu, mwingine mbili na robo. Nilidhani nesi kakosea mizani."

Mama Nakala alimtazama. Alimwachia nafasi. Bwana Usafi aliendelea kutabasamu sekunde kama tatu, halafu tabasamu likaanza kuporomoka kutoka upande mmoja. Alivua miwani.

"Mungu wangu. Nimefuta mapacha."

"Si wote, mzee. Umefuta wa pili tu."

Karani wa kike aliinuka haraka akaenda nje, mabega yakimtikisika. Bwana Usafi hakucheka. Alizisukuma kando penseli zake nne, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaziacha zikiwa shaghalabaghala.

Mganga Mkuu aliwapokea akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Ni mwanamke wa maamuzi ya haraka, sifa nzuri sana kwenye chumba cha kujifungulia.

"Kuna nakala ya Jumapili?"

"Ipo. Nimeikagua Jumatatu, ni nzima."

"Basi tatizo liko wapi? Irudishe. Saa sita tuwe tumemaliza."

"Bosi, nikiirudisha ilikotoka, inakaa juu ya ile ya leo. Watoto waliochanjwa juzi, jana na asubuhi hii ni mia tatu na sita. Wote watakuwa hawajachanjwa. Tutawapata mapacha na kuwapoteza hao."

Mganga Mkuu aliketi. "Endelea."

"Chukulia mtu kararua kurasa kwenye daftari lako. Hutupi daftari la leo ukarudi na la Jumapili. Unayaweka yote mawili mezani, unanakili zile kurasa tu. Mimi nataka Jumapili ikae pembeni, mahali pengine kabisa, isigusane na ya leo."

"Mahali gani?"

"Hapo ndipo pagumu. Inataka gigabaiti arobaini na nane. Seva imebakiwa na kumi na tisa."

"Na hadi lini?"

"Nimemwahidi mama mmoja. Ijumaa asubuhi."

"Umemwahidi? Nani kakutuma?" Kisha akageukia Bwana Usafi, aliyekuwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Na wewe mzee, mimi mwenyewe ni pacha wa pili. Ningezaliwa hapa, leo ungekuwa unaongea na kiti."

Diski ya nafasi hiyo ilikuwa moja tu katika jengo zima, na mwenyewe alikuwa Bibi Elimu, ofisa wa elimu ya afya. Ndiyo iliyochomekwa kwenye televisheni ya ukumbi wa kusubiria, ikiwaonyesha akina mama filamu za kunyonyesha na kunawa mikono tangu asubuhi hadi jioni. Bibi Elimu huilinda diski hiyo kama mtu anavyolinda kuku anayetaga.

"Mtanirudishia lini?"

"Ijumaa jioni."

"Na akina mama watatazama nini siku mbili?"

"Watatazamana," alisema Mama Nakala. "Dada, nisaidie. Watoto wa watu wamepotea."

Bibi Elimu alikubali kwa sharti moja: diski haiondoki machoni pake. Hivyo chumba cha mita mbili kwa tatu kikapata watu watatu, mmoja akiwa amekalia ndoo iliyogeuzwa.

Diski ilikuwa imebakiwa na nafasi ya gigabaiti thelathini na tisa. Zilipungua tisa.

"Lakini hii filamu ya kunawa mikono ipo mara nne," alisema Bwana Usafi, kidole kikielekea skrini. "Gigabaiti nne nne. Tukiondoa tatu—"

"Usiguse!" walipiga kelele wanawake wawili kwa pamoja.

Mzee alirudisha mkono mfukoni. Mama Nakala aliifungua filamu ya kwanza mwanzo, kati na mwisho, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Mwanamke yuleyule, beseni lilelile, sabuni ileile. Alinakili moja kwenye kompyuta yake, kwa moyo wake tu, ndipo akafuta tatu. Nafasi ikawa hamsini na moja. Bwana Usafi alihema kana kwamba ameondolewa jiwe kifuani. Angalau marudio yapo duniani.

Kazi yenyewe, mtu akiitazama kutoka nje, haina mvuto. Ni mistari minne ya maandishi. Lakini Mama Nakala aliwaeleza huku akiandika, kwa sababu ukimya ulikuwa unamtia woga Bwana Usafi. Nakala, alisema, inakumbuka kwao. Ndani yake mna mafaili mawili, moja la taarifa zenyewe na moja la shajara ya mabadiliko, na kila moja limeandikwa anwani ya mahali lilipokuwa likikaa. Ukisema "rudi" bila kusema wapi, yanakwenda moja kwa moja nyumbani, na nyumbani sasa anakaa mwingine.

"Kwa hiyo tunaipa jina jipya," alisema, akaandika: Pembeni. "Na anwani mpya." Akaandika njia ya diski ya filamu. Akabonyeza.

Mashine ilijibu papo hapo kwa maandishi mekundu.

"Imekataa?" aliuliza Bibi Elimu.

Mama Nakala alisoma, akashika kichwa, akacheka. "Imekataa, na ahsante Mungu. Faili la taarifa nimelipatia anwani mpya, shajara nimeisahau. Ilikuwa inataka kwenda kukaa palepale pa ya leo. Imekuta pana mtu."

"Kumbe na wewe hukosea," alisema Bwana Usafi, na sauti yake ilikuwa na furaha isiyofichika.

"Nakosea, mzee. Ila mimi mashine inanikatalia. Wewe ilikutii."

Alirekebisha, akasoma kila mstari kwa sauti, akamwomba mzee naye asome. Akabonyeza tena. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini. Kisha taa ya diski ikazima, na kila kitu kikasimama.

Waya ulikuwa umelegea kwenye tundu lake. "Huwa naukunja hivi, nauegemeza na kitabu," alisema Bibi Elimu. Walijaribu kitabu. Walijaribu kipande cha gundi ya karatasi. Mwisho Bwana Usafi alipiga magoti kando ya meza, shati lake la pasi na yote, akaushika waya kwa vidole viwili. Taa ikawaka.

"Usiondoke hapo, mzee."

"Siondoki."

Walianza tangu mwanzo. Alikaa pale dakika arobaini na tatu bila kujikuna, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Mlinzi alipita, akachungulia, akaondoka kimya. Bibi Elimu alimfuta jasho mara mbili kwa leso yake. Ilipofika asilimia mia, mzee hakuachia mpaka alipoambiwa mara ya pili, na ilibidi wamwinue, mmoja kila kwapa.

"Jumapili imerudi," alisema Mama Nakala. Kwenye skrini kulikuwa na kanzidata mbili, moja chini ya nyingine: ya leo, haikuguswa, na ile iliyoitwa Pembeni. Alitafuta jina la yule mama wa asubuhi. Upande wa leo, mtoto mmoja. Upande wa Pembeni, wawili: kilo mbili na nusu, na kilo mbili na robo.

"Huyo ndiye aliyekosewa mizani," alisema Bwana Usafi kwa sauti ndogo.

Alhamisi ilikuwa siku ya mzee. Majina mia nne na kumi na moja yaliyofutwa yalikuwa na marudio ya kweli ndani yake, na kompyuta haikuwa na namna ya kujua yupi ni pacha na yupi ni mtoto aliyeandikishwa mara mbili. Bwana Usafi alikuwa nayo. Alikaa na daftari la wodi ya wazazi upande wa kushoto na orodha upande wa kulia, akamsoma kila mmoja. Aliyeandikishwa upya hakuwa na uzito wa kuzaliwa, au aliandikwa miezi baadaye. Pacha alikuwa na uzito wake, na saa yake ya kuzaliwa, dakika chache baada ya mwenzake. Hakutaka chai. Alipofika kwa mama mmoja aliyejifungua watatu, akagundua kwamba hapo alikuwa amefuta wawili kwa mpigo, aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo kupata hewa.

Saa tisa alasiri alileta hesabu: marudio mia mbili na ishirini na sita, mapacha mia na themanini na watano. Kila mstari ulikuwa na alama ya penseli.

Mama Nakala alitengeneza kwanza nakala ya kanzidata ya leo. Kisha akawahamisha wale mia na themanini na watano kutoka Pembeni, kila mtoto na sindano zake, na kuhesabu. Wametoka mia na themanini na watano, wameingia mia na themanini na watano. Wale mia tatu na sita wa mwanzo wa wiki walikuwepo wote, pamoja na waliochanjwa mchana wa Jumatano na Alhamisi yenyewe. Alihesabu tena kwa sababu ndivyo alivyo.

"Mama," alisema Bwana Usafi, "naomba safu moja mpya. Hapa, baada ya uzito. Iandikwe: mzao wa ngapi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asiwepo mjinga mwingine."

"Nitaiweka. Na ruhusa yako ya kufuta, mzee?"

"Ichukue."

"Siichukui. Ila kuanzia leo kitufe chako kitauliza mara mbili, na mara ya pili kitaniuliza mimi."

"Haki kabisa," alisema mzee, akaonekana kupungukiwa na mzigo wa miaka kadhaa.

Ijumaa saa mbili na robo yule mama alifika, watoto wamebadilishana nafasi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, foleni ikampisha kwa udadisi tu. Safari hii dirishani alikaa Bwana Usafi mwenyewe, miwani imefutwa. Mama Nakala alisimama nyuma yake.

"Wangapi, mama?" aliuliza mzee.

"Wewe unaona wangapi?"

"Naona wawili. Wa kwanza kilo mbili na nusu, wa pili kilo mbili na robo, wamepishana dakika kumi na moja. Wa pili wiki ya sita alichomwa, ya kumi alichomwa, ya kumi na nne alichomwa. Leo anadaiwa sindano ya miezi tisa tu, sawa na kaka yake." Akaisukuma kadi mpya chini ya kioo. "Na samahani, mama. Kosa lilikuwa langu. Mashine haikumsahau. Mimi ndiye niliyemfuta."

Mama alimtazama mzee. Alimtazama Mama Nakala. Kisha akaichukua kadi, akaiweka ndani kabisa ya blauzi. "Hii hataitafuna mtu," alisema. "Wapi huko kwenye sindano?"

Nesi alianza na mdogo. Mtoto alipochomwa alitulia kidogo kama anayefikiria, halafu akaangua kilio kilichosikika hadi getini. Kaka yake, ambaye zamu yake ilikuwa bado, alimtazama, akakunja uso, akalia naye kwa sauti ileile.